Una ugonjwa wa moyo? Jinsi ya kujikinga na virusi, na la kufanya homa ikishaingia

Mafua yanayomlaza jirani siku tatu nyumbani yanaweza kumfikisha wodini mwenye ugonjwa wa moyo. Homa huufanya moyo upige haraka. Mapafu yakijaa makohozi, oksijeni hupungua. Na wakati mwili unapambana na virusi, damu huwa rahisi kuganda. Moyo mzima una akiba ya kumudu hayo yote kwa pamoja. Moyo uliotanuka, wenye valvu (vilango vya moyo) mbovu au mishipa iliyoziba hauna. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitika ana virusi vya influenza, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ulipanda takribani mara 6.

Ila kirusi si mshtakiwa pekee. Madhara mengi huongezwa nyumbani, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo: mgonjwa anachomwa diklofenaki ili homa ishuke, vidonge vya kutoa maji mwilini vinaachwa "kwa kuwa hajala", mseto unanywewa bila kupima malaria. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni kinga, na nusu ni namna ya kuzipita siku hizo. Unamhusu mwenye moyo uliotanuka kwa presha, mwenye valvu zilizoharibika, aliyewekewa stenti (kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo) au valvu bandia, na mzazi wa mtoto mwenye tundu kwenye moyo.

Kabla hujaugua: maandalizi ya nyumbani

Anza na karatasi moja. Iandike ukiwa mzima, kliniki, pamoja na muuguzi au daktari: jina la ugonjwa wako wa moyo, kila dawa, nguvu yake kwa miligramu na saa unayoinywa, presha yako ya kawaida, uzito wako ukiwa huna uvimbe, na namba ya simu ya mtu wa kliniki anayekufahamu. Chini yake daktari aandike dawa zipi zisimame kwa muda ukitapika au kuharisha. Hapo ndipo karatasi inapolipa, kwa sababu ukifika zahanati ya kijijini Tandahimba au Liwale, huku kusini mwa Tanzania, saa nne usiku, mhudumu hana faili lako. Piga picha karatasi hiyo, na mtu mwingine wa nyumbani awe nayo kwenye simu yake.

Pili, mizani. Ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Pima kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Iweke kwenye sakafu ngumu. Juu ya mkeka au mchanga inadanganya. (Mizani ya ghalani ya kupimia magunia ya korosho haifai: wewe unatafuta badiliko la kilo moja, si la gunia.) Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji yanayojaa, si kunenepa. Ukishuka kwa kilo 2 wakati unaumwa, maji yamekuishia. Mizani hiyohiyo inakuonya kwa pande zote mbili.

Tatu, kipimajoto, na ukiweza kipima presha cha mkononi. Joto la kwapani likifika 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila kina mambo yake. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba ya juu kidogo kuliko hali halisi, kwa hiyo ukisoma 94 usijiliwaze. Rangi ya kucha na piko huweza kuzuia mwanga wake. Tumia kidole kisichopakwa, hata cha mguu. Pasha mkono joto kwanza, kaa umetulia dakika 5, kisha subiri namba itulie kabla ya kuisoma.

Nne, akiba ya dawa za moyo ya wiki mbili juu ya unayotumia sasa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoambatana na mvua kubwa, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa, na magari yakakwama. Aliyekuwa amebakiwa na vidonge vya siku mbili alikuwa hatarini bila hata kuumwa mafua. Zungusha akiba yako: pakiti ya zamani itumike kwanza, mpya ikae nyuma.

Ongeza parasetamoli, pakiti chache za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), na barakoa za kutosha wiki moja.

Chanjo

Chanjo ya influenza hutolewa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Haipatikani kila kituo, kwa hiyo uliza mapema hospitali ya mkoa au binafsi, na ukiwa na safari ya kliniki Dar es Salaam, ulizia hukohuko. Chanjo ya UVIKO-19 nayo huwahusu kwanza wenye magonjwa sugu kama wewe. Kuna ya nimonia ya nyumokokasi, ambayo si ya virusi bali ya bakteria anayevamia mapafu mafua yakishayachosha. Ya homa ya ini B uliza hospitalini. Hupimwa kwanza, kisha huchomwa kwa dozi kadhaa.

Unayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie muuguzi kabla hajachoma. Atumie sindano nyembamba, halafu mbonyeze kwa pamba dakika 2 au zaidi bila kusugua. Warfarini si sababu ya kukosa chanjo. Homa ndogo na mkono kuuma siku moja au mbili baada ya kuchomwa ni kawaida, na dawa yake ni parasetamoli. Ukiwa na homa kali siku ya miadi, ahirisha.

Hewa, mikono na mikusanyiko

Virusi vya mafua na UVIKO-19 husafiri zaidi kwa hewa ya chumba kilichofungwa. Dirisha lililo wazi hushinda dawa nyingi. Mwenye moyo alale chumba chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo kama kipo. Wakati wa kusi watu hufunga kila kitu kwa baridi, na hapo ndipo familia nzima huambukizana usiku mmoja. Mkilala wengi kwenye mkeka, anayekohoa alale mwisho, kichwa chake kielekee miguuni kwa mwenzake.

Kwenye msiba, maulidi au mkole wa unyago, hakuna atakayekuelewa usipokwenda kabisa, na hatusemi usiende. Kaa barazani au chini ya mwembe, si ndani ya ukumbi. Salimia kwa mkono kifuani. Siku hizi watu wamezoea. Ndani kukiwa kumejaa, vaa barakoa inayofunika pua pia. Chakula cha sinia moja, omba chako kando. Msimu wa mabibo, kata ya uraka huzunguka midomo kumi. Hapo kuna virusi, na kuna pombe ambayo kwa moyo uliotanuka ni hasara hata ungepewa kikombe chako mwenyewe.

Safari ya basi Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Chagua kiti cha dirishani, lifungue, vaa barakoa, na kila basi linaposimama shuka utembee ili damu isigande miguuni. Kosa la kawaida ni kuruka furosemidi, yaani lasix, kile kidonge cha kutoa maji, ili usisumbuke na choo njiani. Ukifika jioni miguu imevimba na kifua kimebana, na ukiongeza mafua uliyoyapata ndani ya basi, kesho yake uko hospitalini. Badala ya kuiacha, muulize daktari kama unaweza kuinywa ukishafika, au mapema alfajiri kabla ya kuondoka.

Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 baada ya kutoka chooni, sokoni, kwenye gari, na kabla ya kula. Mahali pasipo bomba tengeneza kibuyu chirizi:

1. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto, sentimita 10 hivi chini ya mdomo, upande ulio mkabala na mpini.
2. Litundike kwenye mti wa mlalo kwa kamba iliyopita ndani ya mpini.
3. Funga kamba nyingine shingoni, iteremke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia.
4. Ning'iniza sabuni pembeni ndani ya wavu, na chini weka kokoto ili pasiwe na tope.

Unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Mkono mchafu haugusi chochote. Vitakasa mikono vya spiriti ni vizuri safarini, ila kwa virusi vya kuharisha kama norovirusi havifui dafu mbele ya sabuni na maji.

Aliyetapika au kuharisha ndani, safisha sakafu kwanza kwa maji na sabuni, kisha pitisha klorini. Ukiwa na dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini ya asilimia 3.5, vijiko 2 vya chakula (mililita 30) kwenye lita 1 ya maji vinatosha. Acha dakika 10, kisha futa. Changanya ya siku hiyo tu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu. Mwenye moyo asiwe ndiye anayesafisha.

Mbu wa mchana

Miongozo mingi ya moyo hukomea kwenye mafua. Pwani ya kusini hiyo haitoshi. Chikungunya, homa ya virusi, iligunduliwa hapahapa, kwenye mlipuko wa 1952 hadi 1953 uwandani kwa Wamakonde, na dengi imewahi kulipuka nchini zaidi ya mara moja. Zote mbili huenezwa na Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Chandarua cha usiku humkinga mtu na malaria. Huyu wa mchana kinamkosa.

Aedes hutaga kwenye maji safi yaliyotulia karibu na watu. Newala na Tandahimba, ambako maji hukingwa na kuwekwa kwa muda mrefu, mapipa na mitungi ya nyumbani ndiyo mazalia yenyewe. Funika kila chombo kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Mara moja kwa wiki kimimine na kusugua kuta za ndani kwa brashi. Kumwaga maji pekee hakusaidii: mayai hunata ukutani juu ya usawa wa maji na huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kutoka yai hadi mbu mzima ni siku 7 hadi 10 hivi, ndiyo maana tunasema kila wiki. Vifuu vya nazi, matairi na makopo nyuma ya nyumba vifukiwe au vigeuzwe. Vaa mikono mirefu mchana na paka dawa ya kufukuza mbu.

Dengi kwa mwenye moyo ina ubaya wa pekee: hushusha chembe za kugandisha damu, wakati wewe huenda tayari unatumia aspirini, klopidogreli au warfarini. Mwenye dengi pia huhitaji maji mengi, na moyo wako hauyataki mengi. Hesabu hiyo haifanyiki nyumbani.

Homa imeanza: fanya hivi siku ya kwanza

Pima joto, presha, mapigo, uzito na oksijeni. Andika saa na namba.

Nenda ukapime malaria siku hiyohiyo kwa kipimo cha haraka. Ikiwepo, itibiwe, lakini kwanza mweleze mhudumu dawa zako za moyo. Mseto na kwinini zinaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo kwa baadhi ya watu, hasa anayetumia dawa nyingine za kurekebisha mapigo au mwenye potasiamu ndogo. Ikiwa haipo, usinywe mseto "kwa usalama". Homa isiyo ya malaria inayoambatana na maumivu makali ya viungo, vipele au maumivu nyuma ya macho, taja neno dengi wewe mwenyewe. Mafua yakiwa makali, muulize daktari habari ya dawa ya kupambana na influenza. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.

Jambo la kuangalia huku kwetu: miezi ya kupulizia salfa mikorosho, vumbi lake huleta kikohozi na macho mekundu bila homa. Ondoka shambani, oga, badili nguo. Kikohozi kisichopungua ukiwa mbali na salfa, au kinachozidi ukilala chali, si cha salfa. Huenda ni maji kwenye mapafu, na hilo hukosewa sana: mtu hunywa dawa ya kikohozi wiki nzima wakati moyo ndio unaozidiwa. Hesabu mito. Kama jana ulilala na mto mmoja na leo unahitaji mitatu, nenda hospitali.

Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mtu mzima wa chini ya kilo 50, mnywaji wa pombe au mwenye ini bovu asizidi 4 hadi 6. Kuwa makini na vidonge vya mafua vyenye parasetamoli ndani, huhesabiwa humohumo. Vile vinavyochemka kwenye maji vina chumvi nyingi ya sodiamu, viache. Ukitumia warfarini na parasetamoli kwa siku kadhaa mfululizo, damu huweza kulainika kupita kiasi, hivyo INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ipimwe mapema.

Vya kutonunua duka la dawa

Muuzaji wa duka la dawa muhimu hajui moyo wako mpaka umwambie. Mwambie kabla hujataja unachotaka.

Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na ndugu zao, kwa vidonge au sindano: hubakiza chumvi na maji mwilini, hudhoofisha kazi ya lasix, hubana figo na kuchubua tumbo. Kama ni dengi, huongeza kutoka damu. Kati ya makosa yote yaliyotajwa humu, hili ndilo rahisi zaidi kufanyika na rahisi zaidi kuepuka.

Dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini au fenilefrini: hupandisha presha na kukimbiza mapigo. Pua iliyoziba osha kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiyanywe.

Vidonge vya kichwa vyenye aspirini na kafeini pamoja: tayari una aspirini yako ya kila siku.

Antibiotiki kwa mafua: haziui virusi. Kwa anayetumia warfarini, septrini, flajili, erithromaisini na siprofloksasini huweza kuipandisha INR ndani ya siku chache hadi damu itoke puani au kwenye mkojo. Anayetumia digoksini ajihadhari na erithromaisini hiyohiyo. Daktari akiona ni nimonia, atachagua antibiotiki na kupanga siku ya kupima INR.

Dawa zako za kila siku

Homa bila kutapika wala kuharisha: endelea na zote, saa zilezile, hata kama hujala vizuri. Dawa za kutuliza mapigo kama atenololi, karvediloli na bisoprololi hazikatishwi ghafla. Moyo hurudi kwa fujo. Aliyewekewa stenti asiache aspirini wala klopidogreli bila daktari, hata akishuku dengi. Aende hospitali siku hiyo, uamuzi utolewe huko.

Ukitapika au kuharisha hesabu inabadilika. Furosemidi, spironolaktoni, enalaprili, kaptoprili, losatani na, kwa wenye kisukari, metformini na dapagliflozini zinaweza kuumiza figo au kuvuruga damu wakati mwili umekauka. Madaktari wengi huzisimamisha kwa saa 24 hadi 48, kisha huzirudisha mgonjwa akianza kula na kunywa. Fuata ulichoandikiwa kwenye karatasi yako. Kama hakikuandikwa, piga simu au nenda siku hiyohiyo. Ikiwa namba ya juu ya presha iko chini ya 90 na unaona kizunguzungu, usinywe dozi inayofuata ya dawa hizo kabla hujaonwa, na nenda sasa hivi, si kesho. Hatari nyingine iko upande wa pili: mtu huacha lasix akiharisha, akapona, akasahau kuirudia. Andika siku ya kuanza tena.

Anayetumia digoksini akiharisha hupoteza potasiamu, na dawa humgeuka: kichefuchefu, vitu kuonekana vya njano, mapigo chini ya 50. Hospitali.

Maji, chakula na nyungu

Mwenye homa huambiwa na kila mgeni "kunywa maji mengi". Kama kliniki ilikuwekea kikomo cha lita 1.5 au 2 kwa siku, kikomo hicho hakifutwi na homa. Kinaongezwa kidogo kwa ushauri, kulingana na jasho na uzito. Anayeharisha anywe ORS: pakiti 1 kwenye lita 1 ya maji safi, kikombe kimoja kila baada ya kuharisha, kwa vijiko na mafunda madogo. Pima uzito asubuhi na jioni. Ukirudi kwenye uzito wako wa kawaida, acha kusukuma maji.

Madafu tunayo kwa wingi na ni matamu, ila yana potasiamu nyingi. Anayetumia spironolaktoni, losatani au enalaprili, au mwenye figo dhaifu, dafu moja linatosha. Matatu kwa siku si dawa. Uji, wali laini, ndizi za kupika na samaki mbichi wa kuchemsha vinafaa. Ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, acha, au loweka na kumwaga maji mara mbili, na supu isiwe ya chumvi. Anayetumia warfarini ale kisamvu, mchicha na mlonge kwa kiasi kilekile cha kila wiki. Kuanza ghafla kunywa unga wa mlonge "uongeze kinga" hupunguza nguvu ya dawa. Tangawizi na limau kwenye chai ni sawa. Vitunguu saumu vibichi kwa punje kumi kumi si sawa kwa mwenye damu iliyolainishwa.

Nyungu haiui kirusi mwilini. Ndani ya blanketi joto hupanda, jasho hutoka na mishipa hulegea. Kwa aliyekunywa dawa za presha ni njia fupi ya kuzimia juu ya sufuria ya moto. Akitaka mvuke kwa ajili ya pua, aketi bafuni kwenye hewa ya maji ya moto, mlango wazi, dakika chache.

Ondoka nyumbani sasa hivi ikiwa

- Maumivu au mbano wa kifua unazidi dakika 10, au unashuka mkononi au tayani.
- Unashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au huwezi kulala chali.
- Oksijeni ni 90 au chini. Ikiwa kati ya 91 na 94, uonwe siku hiyohiyo.
- Mapigo yako juu ya 120 umekaa, au yanaruka ovyo, au umezimia.
- Midomo ni ya buluu, umechanganyikiwa, au upande mmoja wa mwili umelegea.
- Damu inatoka puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, au kinyesi ni cheusi.
- Homa imeshuka siku ya 3 hadi ya 7 lakini tumbo linauma na unatapika mfululizo. Kwa dengi, hapo ndipo pabaya.
- Una valvu bandia na homa imezidi siku 2 bila sababu. Omba damu ioteshwe maabara kutafuta bakteria kabla ya kuanza antibiotiki.

Zahanati ikikupa rufaa, usirudi kwanza nyumbani kuaga. Ngazi ni hospitali ya wilaya, kisha Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Upasuaji wa moyo hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Bodaboda haifai kwa asiyeweza kupumua. Tafuta gari ambamo atakaa wima.

Mtoto mwenye tatizo la moyo

Apate chanjo zake zote kwa tarehe: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua miezi 9 na 18. Tundu kwenye moyo si sababu ya kumsubirisha. Ni sababu ya kuwahi. Mafua ya kawaida kwa kichanga kama huyu humziba pumzi haraka. Akinyonya dakika chache na kuacha akitweta, mbavu zikizama ndani, au jasho likimtoka kichwani anaponyonya, apelekwe. Mtoto mwenye midomo ya buluu tangu kuzaliwa ana namba yake ya oksijeni. Iulize kliniki, maana 85 ya kwake inaweza kuwa ya kawaida. Homa ya mtoto haitibiwi kwa aspirini. Kama daktari wa moyo ndiye aliyempa aspirini ya kila siku, akipata influenza au tetekuwanga mjulishe siku hiyohiyo.

Mwenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, awe mtoto au mkubwa, asiruke sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 kwa sababu "bado ana mafua". Kama ana koo linalouma bila kikohozi wala kamasi, apimwe. Huyo huenda si kirusi bali streptokokasi, anayerudi kumalizia valvu.

Kurudi kazini

Homa ikiisha, usirudi kulima siku hiyo. Baadhi ya virusi huingia kwenye msuli wa moyo wenyewe, na kazi nzito huuzidishia jeraha. Pumzika mpaka uwe na siku 2 au 3 bila homa, kisha anza kwa kutembea dakika 10 tambarare, uongeze dakika 5 kila siku kama hupati mbano wala kutweta. Daktari akisema msuli wa moyo uliwaka, yaani ulivimba kwa virusi, kubeba magunia na kupanda minazi husubiri miezi 3 hadi 6, mpaka vipimo virudiwe.

Ndani ya wiki moja baada ya kupona pima INR kama unatumia warfarini, presha, na ikiwezekana figo na potasiamu. Hakikisha dawa zilizosimamishwa zimerudi, na kwa kipimo kilekile. Jaza tena akiba uliyoitumia.